Sakafu Yenye Joto

Ilianza na goti. Barafu ya kizingitini, mwezi wa pili,
na daktari wa Boden akanionya: wiki sita, Holger, keti.
Televisheni ikanipa samaki, habari, samaki tena.
Nikabonyeza nisichokijua,
akatokea mwanamke mwenye koti la rangi ya ziwa
akimmwagia mkwewe glasi ya maji usoni.
Nikasema, dakika tano tu.
Saa nane za usiku bado niko pale, miwani puani,
nayafukuza maandishi ya Kiswidi chini ya kioo
kama mtu anayefukuza kuku.

Usinicheke, Ylva.
Rune wa jirani akibisha, nabadilisha stesheni haraka,
namwambia natazama mpira wa magongo.
Anayaangalia macho yangu mekundu,
anauliza, "Tumefungwa mangapi?"

Nimejifunza mambo.
Kwamba mkubwa humiminiwa kwa mikono miwili.
Kwamba tajiri hafi kabla hajaficha mtoto mahali.
Kwamba mvua hungoja wawili wagombane, na mwavuli uwe mmoja.
Kwamba jina lako la kwenye faili
nimelitamka miaka yote kama mtu aliyepaliwa.

Na mtoto aliyepotea hurudi sehemu ya kumi na nne,
ana kovu begani,
na mama mzazi, lulu shingoni, hupiga magoti.
Mimi hapo namtafuta aliyemlea.
Yupo. Ni muuza supu. Sekunde tisa.
Anafuta meza iliyokwisha futwa,
anasema, "Nenda, mwanangu,"
na kamera inahama.
Nilisimamisha picha pale pale,
nikatazamana na yule mzee wa supu
hadi kioo kikajizima chenyewe.

Lakini si hilo lililonifanya nikupigie jana,
nawe uko kazini huko Gothenburg, juu ya lifti iliyokwama.
Ni jambo dogo.
Chumba kimoja, bibi, mama, watoto watatu,
magodoro membamba, wamebanana kama njugu katika ganda,
na sakafu, Ylva, sakafu yenyewe ina joto.
Moto unapita chini yake.
Bibi aliweka kiganja pale kwanza, kama apimaye homa,
ndipo akamlaza mtoto.

Nikakumbuka sabini na nane.
Miezi kumi na minne, viatu vya mpira,
kibandiko cha namba mkononi.
Mimi na Gunvor tulikuwa tumepaka chumba kizima njano.
Kitanda cha fito nilikiranda mwenyewe, msonobari mtupu.
Tukakuweka ndani, tukazima taa, tukarudishia mlango
kama kitabu kilivyoagiza.
Ulilia majuma matatu.
Muuguzi akasema ni tumbo. Mama yangu akasema ni hasira.
Nani angetuambia
kwamba mtoto anaweza kuililia sakafu?

Usiku mmoja ulizipanda zile fito ukashuka.
Nilikukuta jikoni, kando ya jiko la kuni,
shavu juu ya mawe,
umelala fofofo, mara ya kwanza tangu uje.
Na mimi, baba mwema,
nilikuinua polepole, polepole,
nikakurudisha kitandani.

Hayo ndiyo niliyotaka kukwambia.
Nikaishia kuuliza hali ya hewa.
Ukasema, mvua.
Kisha, "Baba, unatazama nini?"
"Mpira."
"Wanalia kwa Kikorea, Baba."
Nikasikia nyundo yako ikiwekwa chini juu ya chuma.
"Sehemu ya ngapi?"
"Kumi na moja."
"Basi simamisha hapo. Nakuja Ijumaa."

Nimesimamisha.
Mwanamke wa koti la ziwa amebaki mdomo wazi sebuleni
na mimi nimekokota goti langu hadi jikoni,
nimeinama kwa shida,
nimeweka kiganja kwenye mawe.
Baridi.
Nimeongeza kuni.