Mji wa Dakika Nne

Mguu wangu uko juu ya mto, ndani ya hogo,
na Yadiel ameniachia padi kabla ya kwenda shule.
"Mjomba, ni gemu fupi," kaniambia, akifunga kamba za viatu,
"ukikazana unaimaliza kwa siku mbili."
Mimi nina wiki sita.

Nje, theluji inaidondokea Bronx bila haraka.
Ndani ya runinga nako theluji,
na kijana mwenye koti lililomzidi mabega,
koti la shujaa aliyemtangulia,
amesimama ukingoni mwa ghorofa,
anapumua mvuke, ananingoja.

Sikujua kubonyeza. Nilimrusha
akajibamiza kwenye tangi la maji,
akachuruzika ukutani kama uji ubavuni mwa sufuria,
akatua chali katikati ya teksi.
Akainuka. Akajikung'uta.
Yeye alianguka ghorofa kumi na mbili.
Mimi nilianguka tatu.

Miaka ishirini na miwili nimepaka lami mapaa ya mji huu.
Nayajua kwa magoti:
lipi linavuja penye bomba la moshi,
lipi lina njiwa wa mzee Ocasio,
lipi tulilipaka tabaka moja
mwenye nyumba akaandika mawili.
Waliochora gemu hii wamejitahidi, sikatai.
Wameweka feni, ngazi za moto,
hata kiti cha plastiki kilichosahauliwa tangu kiangazi.
Ila mapaa yao hayana mteremko.
Maji yatatuama, nikasema peke yangu chumbani,
mvua moja tu, na wapangaji watalala na ndoo.

Kutoka mtoni hadi bustani ya mwisho ni dakika nne,
nimezihesabu kwa saa ya jikoni.
Mtaa wetu umo, nusu yake:
wameanzia kwa kinyozi
wakaruka hadi kituo cha treni.
Jengo letu hakuna. Mahali pake pana duka la maua.
Nilimwita dada yangu aone.
Migdalia akafuta mikono, akatazama:
"Afadhali. Huko hawatatupandishia kodi."

Kuna adui mkubwa, ana mitambo, ana kisasi.
Nimemwacha angoje.
Nimetafuta paka wa muuza mikate,
nimeziba bomba lililopasuka chini ya daraja,
nimembeba bibi mmoja na kapu lake
hadi ghorofa ya sita, lifti ikiwa mbovu.
Bibi akamwambia kijana, "Umekonda."
Na katikati ya vita, ngumi zikiruka,
simu ya kijana inalia: mama yake.
Chakula kinapoa. Uko wapi?
"Maktaba," anajibu, akihema.

Hapo ndipo nilipoiweka padi chini.

Kwa sababu chini ya kopo la mchele kuna karatasi.
Kontrakta aliileta mwenyewe, na machungwa.
Inasema nilipewa mkanda wa usalama.
Inasema niliufungua kwa hiari yangu.
Watu wa bima wanataka sahihi tu, alisema,
halafu kila mtu anarudi kazini.
Mkanda haukuwepo. Haujawahi kuwepo.
Migdalia nimemwambia ni karatasi ya hospitali.
Maktaba, kwa kifupi.

Yadiel anarudi, begi bado mgongoni.
"Bado hujamaliza?"
"Bado."
"Mjomba, imebaki misheni moja!"
Najua imebaki moja. Ina siku tatu imebaki moja.
Anachukua chungwa, analimenya,
ananitupia vipande viwili,
anaketi karibu na hogo lililojaa maandishi yake.

Sijaitia sahihi. Sijaichana pia.

Usiku, kabla ya kuzima,
namtoa kijana ukingoni.
Hatua tatu nyuma. Nne.
Namsimamisha kando ya feni, penye hewa ya moto,
kwa maana na yeye nimemkagua mbele na nyuma,
koti lote,
na hana mkanda.