Mawingu Kiasi, Vipindi vya Jua

Saa kumi na mbili kasorobo, uwanja wa ndege, Tabora.
Kalunde anafungua kijumba cheupe
ambacho mlango wake unatazama kusini,
huko huko baridi inakotokea.
Anamulika kwa simu. Anainama jicho lilingane na zebaki,
anabana pumzi,
maana pumzi ya mtu nayo ni hali ya hewa.

Kumi na moja nukta nne.
Anaandika kwa penseli; peni ziligoma tangu juma lililopita.
Upepo: kusini mashariki.
Mawingu: mawili kwa nane.
Mvua: hakuna. Hakuna hiyo anaiandika
tangu masoko ya tumbaku yalipofunguliwa.

Daftari halina safu ya Nyanzala
anayekoroga uji wa ulezi stesheni,
abiria wa Kigoma wamejikunyata juu ya madebe yao ya asali,
treni imechelewa saa tano na bado.
Halina safu ya Msimbila, mlinzi wa ghala,
anayevaa soksi mikononi
na kuapa kwamba hii si baridi, ni fitina.
Wala ya vumbi la Isevya, linaloamka kabla ya wenyewe.

Usiku redio inaisoma nchi kama mwalimu anayeita majina:
Pwani ya kusini, mawimbi makubwa.
Kagera, ngurumo maeneo machache.
Njombe, baridi kali na ukungu asubuhi.
Kigoma, Katavi, Tabora,
mawingu kiasi na vipindi vya jua.

"Kudamka kote kule," mama yake anasema,
"mkaona hayo tu?"
Kisha, akipepea jiko lisilohitaji kupepewa:
"Na Makete? Makete wamesema ngapi?"
Makete yuko Mhoja, anapasua mbao.
Aliondoka na mashati mawili na kiburi chake.
"Nne, mama."
Mama anaihesabu ile nne kwenye vidole,
kidole gumba kinabaki nje, hakina la kufanya.
"Si ninyi mnaoandika? Waongezeeni hata mbili.
Nani atajua?"

Kalunde anacheka.
Mama hacheki.

Alfajiri, kijumba, mwanga wa simu.
Zebaki imejikunja chini kama paka uvunguni.
Tisa nukta nane.
Penseli inasimama juu ya mstari
muda mrefu kuliko kazi inavyotaka.
Upande wa reli honi inalia; ile ya Kigoma, hatimaye.
Anaandika tisa. Anaweka nukta.
Anaandika nane.
Anafunga mlango, anageukia kusini,
ndipo anapoachia pumzi.
Upepo unamrudishia usoni.