Safu ya Mwisho

Kuopio, Januari. Saa tisa alasiri, giza limeshaingia.
Wakili Päivikki Rautio anafungua jedwali la hatari:
data ilitoka wapi, nani aliridhia,
picha za nani, siri za nani,
na safu ya mwisho, *Mhusika*,
tupu kama theluji isiyokanyagwa.

Akili mnemba yetu imemnyima fidia
Veikko Tossavainen, mpasua mbao,
vidole viwili vimebaki msumenoni.
Sekunde mbili tu. *Hakukidhi vigezo.*
Vigezo vipi? Mashine haina koo
la kumeza mate.

Fundi mkuu: Sisi tuliinunua tu.
Muuzaji, kifungu cha kumi na nne:
matokeo si juu yetu.
Mhasibu: Bima italipa.
Bima: Someni maandishi madogo.
Lawama inazunguka meza
kama birika la kahawa ofisini kwetu,
kila mtu anamsogezea jirani,
maana anayelimaliza
ndiye wa kuchemsha jingine.

Päivikki hapandishi sauti.
"Mbwa wangu akimng'ata mtu,
simpeleki mbwa mahakamani akajitetee."
Anasukuma kalamu katikati ya meza.
"Jina moja. La mtu
ambaye Veikko akimpigia, atapokea."

Redio ya ukutani inapiga ndani ya mabomba.
Mtu anakohoa. Mtu anatazama saa.

Mimi ndiye mwandika kumbukumbu za kikao.
Niliandika: *Kimya, dakika nne.*
Kisha nikafuta "kimya",
nikaorodhesha majina ya waliokuwepo,
na langu.