Upepo wa Mbele, Upepo wa Nyuma

Kibandiko cha mlangoni kilichotaja kiasi
kilimezwa na rangi mwaka tulioipaka pikapu upya,
buluu, kwa brashi ya kupakia nyumba,
na baba hakuona hasara.
Yeye upepo aliupima kwa kisigino:
teke moja, sikio chini, kama mnunuzi wa tikiti,
"Limeiva," anasema, tunaondoka Igombe
na magunia kumi na nane ya dagaa mgongoni.

Kisigino changu mimi hakijui kitu.
Miezi saba nimelipiga teke tairi la nyuma kulia
likanijibu neno lile lile,
limejaa, linakufa, neno lile lile.

Nikauliza.
Masalu wa pancha pale Nyakato,
ambaye kompresa yake hukohoa kabla haijafanya kazi,
alisema tia arobaini kote, mama, kuna foleni.
Dereva wa lori la barafu akasema arobaini ni wazimu,
tia thelathini, barabara isikung'oe meno.
Shemeji yangu Lubango, asiye hata na baiskeli,
alisema, "Inategemea."
Nilimcheka mbele ya watu.

Kumbe inategemea.
Pikapu ikiwa tupu, arobaini ya nyuma hurukaruka
kama mbuzi aliyefunguliwa kamba.
Ikibeba mzigo, thelathini hulala ubavu,
mpira unapata moto, unanuka,
na Februari, kabla ya kufika uwanja wa ndege, ulipasuka.
Dagaa walimwagika kwenye lami, fedha tupu,
kunguru wakafika kabla ya trafiki.
Kila aliyesimama aliuliza: spea je?
Nikasema haina upepo.
Masalu akaletwa na bodaboda, tairi kuukuu shingoni kama mkufu.

Tena kuna jua. Habari za jua sikuambiwa na mtu.
Saa saba mchana geji ilisoma arobaini na sita,
nikapunguza, psss, nikajiona fundi.
Alfajiri yake, ziwa bado limejifunika ukungu,
nilikuta tairi limenywea kama shavu la mgonjwa.
Mchana upepo hujivuna.
Uupime kabla haujaamka.

Mwishowe Nkwimba, mwanangu wa darasa la nne,
aliniazima kipande cha chaki, kwa masharti.
Nilichora mstari kukata uso wa tairi, ukingo hadi ukingo,
nikaisogeza pikapu na mzigo wake hatua ishirini
pale kwenye ardhi ngumu, chini ya mawe,
nikashuka, nikapiga magoti.
Chaki imefutika katikati tu: upepo umezidi,
tairi linatembea kwa kitovu.
Psss. Nikachora tena.
Imefutika pembeni, katikati nyeupe: nimepitiliza,
linatembea kwa mabega.
Wachuuzi wa mwaloni waliacha kugeuza dagaa.
"Huyu analifundisha gari kuandika," mmoja akasema.
Mara ya tano mstari uliondoka wote.

Sasa ninayo yangu, nimeikwaruza kwa msumari juu ya ile buluu:
mbele thelathini na mbili,
nyuma na magunia, arobaini na moja,
nyuma bila kitu, ishirini na nane.
Mchangani kwa Mzee Ng'wandu, kumi na nane, polepole,
halafu pampu ya mguu hadi nyonga zinalia.
Lubango nimemwomba radhi. Ameniomba lifti.

Spea tu ndiyo sijaipima.
Iko chini ya bodi, imefungwa kwa mnyororo,
na upepo uliomo aliutia yeye, Novemba ile,
kwa pampu, akihesabu kwa Kisukuma,
akipotea kila akikaribia mia, akianza upya.
Masalu anasema spea isiyopimwa ni jiwe.
Najua. Najua pia kwamba kila tairi huvuja,
hata lililolala.
Bado sijaifungua.