Lari Thelathini na Tano

Noti nilizikunja ndani ya leso, nikazihesabu
mara mbili kwenye basi, mara ya tatu mlangoni:
lari thelathini na tano.
Viatu nilikwisha kulipia. Gauni nimeazima kwa Tsiuri,
linabana kwapani ila linaruhusu pumzi fupi fupi.
Umebaki uso.

Duka liko nyuma ya soko la Kutaisi,
kati ya muuza jibini na fundi wa saa.
Mlangoni pana beseni la rangi za mdomo,
moja kwa nne, tatu kwa kumi,
na wanawake wanachakura humo kama kuku.
Kizuri chajiuza, walisema wahenga.
Wahenga hawakusimama chini ya taa ya duka hili,
taa nyeupe inayomwosha mtu kama maiti.

Msichana alikuwa na kucha ndefu, na jina Eteri kifuani.
"Shughuli gani, mama?"
"Harusi. Binti yangu. Jumamosi."
"Basi kuna picha," akasema, kwa sauti ya daktari,
akanichora mistari mitatu tayani:
Pembe ya Ndovu, Mchanga, Asali.
Pembe ya Ndovu ikanifanya ukuta wa chokaa.
Asali ilikaa vizuri shavuni, shingoni ikakataa.
Shavu langu halikuzaliwa na rangi ile,
limeivishwa, miaka ishirini na miwili
ya kuinamia tanuri la mikate.
Kichwa cha mtu huyu, mwili wa mtu yule.
"Chukua Mchanga," akasema Eteri,
"changanya na losheni yako, itafika mpaka kifuani."
Kumi na nne.
Angeweza kuniuzia mbili. Mungu amwone.

Poda sikununua.
Mimi na unga tunajuana, umenilala kwenye nyusi
kila alfajiri, bure.
Wanja ninao nyumbani, kipande kifupi kama kucha,
kina harusi moja ndani yake bado.

Kisha nikaiona, chini kabisa ya beseni,
nyekundu ya ngozi ya komamanga.
Nilijipima nyuma ya mkono, kati ya makovu ya moto,
nikakumbuka mwaka wa tisini na tatu:
umeme hakuna, mimi bibi harusi,
midomo nimepaka bitiruti,
na Gocha, kwenye mwanga wa mishumaa,
hakujua kama nimejipamba au nimetoka kula.

Gocha atakuja Jumamosi. Na mke wake wa Batumi.
Sisemi najipamba kwa sababu yake.
Sisemi sijipambi.

Lakini najijua. Mimi ni mtu wa kulia
hata mbwa wa jirani akipona.
Maskara ya kawaida ilikuwa saba.
Ile isiyotoka kwa maji, kumi na nane.
Nilikuwa na ishirini na moja mkononi.
Fanya hesabu mwenyewe.
Komamanga nikalirudisha benseni,
nikalifukia chini ya zile za waridi,
kama vile ningerudi.

Jumamosi, kwenye ngazi za kanisa,
Tekle aliutazama mdomo wangu mkavu, hakuuliza.
Alifuta kidogo kwake kwa kidole cha shahada,
akanibandika, huku na huku, akakaza macho
kama anayesahihisha daftari la mtoto.
"Haya," akasema. "Sasa twende."

Sikulia. Kanisani sikulia, mezani sikulia,
wala Gocha aliposimama na glasi,
akatafuta maneno, akayakosa, akakaa.
Nilicheza mpaka mshono wa Tsiuri ukaachia.

Ilinijia Jumatatu, saa kumi alfajiri,
mkate wa kwanza ukiwa bado ukutani mwa tanuri:
nyumbani kuna kitanda kimoja kilichotandikwa
ambacho hakuna atakayekivuruga.
Nikalia na moshi, nikalia na mvuke,
nikajifuta kwa kona ya aproni.
Aproni ikatoka nyeupe.

Kumi na nane. Halali yake.