Chini ya Sifuri

Chumba chetu kilikuwa stoo ya kahawa, Nyawera,
mgongoni mwa fundi wa matairi.
Tumekivika magodoro ya sponji, tabaka tatu,
na bado, ikifika saa tatu asubuhi, kompresa ya fundi
inaingia kama jirani asiyebisha hodi.
Kwa hiyo tunapima alfajiri,
mashine ikila betri ya gari,
maana jenereta ni kelele, na umeme una siku zake.

Daktari Cikuru aliniambia siku ya kwanza:
"Sifuri si kimya, Namwezi.
Sifuri ni kizingiti tu, mahali walipokubaliana
kwamba sikio la kijana mzima
hushika mlio mara moja, likaukosa mara moja.
Wapo wanaoshuka chini yake."
Niliandika. Sikuelewa.

Kazi yangu ni kidole.
Nashusha kumi, napandisha tano,
nashusha, napandisha,
kama mtu anayepapasa ngazi gizani kwa unyayo.

Mzee Balagizi, mpasua mbao wa Kadutu,
miaka thelathini na miwili ubavuni mwa msumeno.
Milio mizito anaipata yote,
ila kwenye hezi elfu nne mstari wake unaporomoka
kama kilima cha Essence mwezi wa nne.
"Mjukuu wangu siku hizi anamung'unya maneno," alisema.
Mjukuu hana kosa.
Ni zile sa na fa na sha za mtoto
zilizozikwa kwenye unga wa mbao.

Ntakwinja wiki iliyopita alikuwa na masikio ya paka.
Leo amerudi na malaria, na kinini,
na nyenze wawili ndani ya fuvu.
Subiri, nikamwambia, watahama.
Mafua hupandisha kizingiti, najua.
Nta hukipandisha, na mkesha wa msiba.
Na njaa? nikauliza.
Daktari akatazama dirishani.
"Hiyo bado hatujaipima."

Zihindula, mlinzi wa ghala kule Muhumba,
alishuka mpaka sifuri akapita,
hasi tano, hasi kumi,
mashine ikaisha kabla yake.
Ana miaka hamsini na mmoja. Haiwezekani, akasema daktari.
Tukarudia.
Hasi kumi.
"Unafanyaje?"
"Sifanyi kitu. Nanyamaza mpaka nyasi zianze."

Halafu Mama Nankafu.
Anabonyeza nisipopiga.
Utaratibu ni huo, tunaacha mapengo makusudi
ili tumjue anayebahatisha.
Mapengo kumi, kabonyeza saba.
Safu ya mwisho ya daftari imeandikwa Uongo.
Nikamuuliza anasikia nini.
Akavua visikilizio, akavifuta kwa ncha ya kitenge
ingawa havikuwa na uchafu.
"Geti," akasema. "La bati.
Linasukumwa kidogo, halafu linaachwa."
Sikuuliza ni nani.
Daktari aliagiza nimfute, matokeo hayafai.
Nilimfuta.
Ila mimi huandika nikikandamiza,
na ukiinamisha karatasi kwenye mwanga
zile saba zinasomeka.

Jumapili, peke yangu, nilijifungia.
Nikaiacha mashine ijiendeshe.
Damu yangu ilikuwa na ghasia kama soko siku ya mnada.
Sikio la kulia, tano. La kushoto, kumi na tano,
ndilo linalokaa upande wa kompresa.
Mwaka mmoja tu.

Kisha mvua ikayaangukia mabati, yote kwa pamoja,
hapakubaki kitu cha kupima.
Ningepaswa kusimamisha, kuandika tarehe, kuzima betri.
Nilibaki nimekaa, kidole juu ya kitufe,
na katikati ya ule mvumo
nikabonyeza, mara mbili.

Sijaandika popote.