Hodhi la Mabatini

Luhende alilinunua kwa watu waliobomoa nyumba ya zamani
kule Kapripointi: hodhi la chuma, jeupe ukiwa mbali.
Ukisogea lina vipele vya kutu, na duara la njano
aliloliacha muogaji tusiyemjua jina.
Mkokoteni ulilipandisha mpaka barabara ilipokata tamaa,
kisha wanaume wanne, mabegani, jiwe kwa jiwe,
majirani wakiuliza, mnamzika nani huku juu?

Bomba halikulifuata.
Limekaa nyuma ya nyumba kati ya mawe mawili
yaliyokuwepo kabla Mwanza haijaitwa Mwanza.
Maji yanapanda kwa madumu, kichwani.

Siku tatu nililisugua.
Si kwa mchanga. Mchanga unakwaruza,
na kwenye mkwaruzo uchafu hujenga.
Kwa magadi na ndimu, kwa kipande cha kanga
iliyofutika methali, ikabaki NA MUNGU.
Kisha kifuniko kimoja cha jiki, nikasuuza,
nikasuuza tena, mpaka pua ya Milembe,
mwenye miaka mitano na ujuzi wa kila kitu,
iliposema basi.
Penye rangi iliyomeguka, makali kama kopo la nyanya,
Luhende alipiga msasa jioni nzima.
Nilipitisha shavu langu pale
kabla ya mgongo wa Ngolo.

Maji ya ziwani, hata yakikuchekea, nayachemsha.
Kichocho hakibishi hodi.
Yaliyopoa kwanza, ya moto juu yake, kamwe si kinyume,
na mtoto bado yuko nje, analia, mwache alie.
Kiwiko ndicho kinachosema kweli;
kiganja cha msonga ugali kimezoea uongo.
Chini natandika taulo kuukuu asiteleze.
Akikaa, maji yaishie kitovuni.

Mama yangu Kwandu alifulia ufukweni, Igombe,
nasi watano tukichezea ukingoni,
akituhesabu kwa sauti kila akikamua nguo.
Siku moja aligeuka kumrudishia jirani sabuni.
Kipande tu cha sabuni.
Akahesabu wanne.
Akaanza upya, kana kwamba kosa lilikuwa la hesabu.
Ziwa lote lile, na kaka yangu
alilala kwenye maji yasiyofika goti.

Leo simu imelia ndani.
Ni Luhende, naujua mlio wake, pengine ni habari ya pesa.
Imelia, ikanyamaza, ikalia.
Mkono wangu wa kushoto uko nyuma ya shingo ya Ngolo,
wa kulia una povu, na yeye anapiga maji makofi
kama mtu aliyeshinda kesi.
Kutoka jikoni harufu ya dagaa ikabadilika.
Mama, wanaungua, akasema Milembe.
Waungue.
Mama, wameungua.
Haya. Wameungua.

Nikamtoa Ngolo, nikamfunga khanga mpaka masikioni,
ndipo nikang'oa kizibo, gunzi la muhindi lililovikwa kitambaa.
Maji yakateremka mawe kwa mawe
kuelekea migomba ya mama Bugumba, ambaye hashukuru.
Sikubakiza hata ya kumnywesha mbu.
Nikalifuta hodhi likakauka, pembe zote,
na kuku aliyetaka kulala humo nikamwonyesha njia.

Simu ikalia mara ya tatu.
Kabla ya kuipokea nikahesabu:
mmoja, wawili.
Nikarudia.
Milembe anauliza kwa nini ninahesabu kila siku
na wao ni wawili tu.
Shika taulo, nimemwambia.
Liinue, lisiguse chini.